Kabla Ngoma Haijalia

Ukiwauliza wazazi wa hapa Kasense kwa nini binti fulani anaijua ngoma kuliko wenzake, utapewa jibu moja kati ya mawili: amezaliwa nayo, au amerithi kwa bibi yake. Nimekaa na watoto wa ngoma muda wa kutosha kuanza kulitilia shaka jibu hilo. Bibi yumo, sikatai. Ila yumo kwa njia nyingine: ndiye aliyemtuma maji tangu akiwa mdogo, ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kushika jembe, na ndiye aliyemwacha acheze rede mpaka giza linaingia badala ya kumwita ndani mapema. Tunachokiita kipaji, kwa sehemu kubwa, ni mwili uliofanya kazi miaka mingi bila mtu yeyote kuiita kazi hiyo mazoezi.

Kasense ni kata mojawapo ya Manispaa ya Sumbawanga, huku juu kwenye uwanda wa Ufipa, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Mei ikishaingia, baridi na upepo hukata masikio, na wakati huohuo shule za msingi zinajiandaa na mashindano yao, UMITASHUMTA. Watu wakilisikia jina hilo hufikiria mpira wa miguu na riadha, lakini ngoma na kwaya nazo zimo, na watoto wakifanya vizuri wanapanda ngazi mpaka mkoani, na wenye bahati hadi taifa. Mimi si mwalimu. Ni mama wa mtaani niliyecheza enzi za usichana wangu, na mwalimu wa michezo wa shule ya jirani huniita nimsaidie na wasichana. Malipo yangu ni chai, na siku nyingine hata hiyo inakuwa imepoa.

Desturi ya kuchagua wachezaji ilikuwa kuwapanga mstari, kuangalia nani ana uso wa kuchangamka na nani urefu wake unalingana na wa mwenzake, halafu kuwaambia wakate kiuno kidogo. Anayekata vizuri amepita. Sina ugomvi na kiuno. Lakini asiyecheza hudhani kazi yote iko kiunoni na mabegani kwa sababu huko ndiko macho ya watu yanakoenda. Kazi iko chini. Tulipoanza kuandaa nsimba, ngoma ya kwetu Ufipa, kitu cha kwanza nilichowadai watoto kilikuwa magoti. Kunja, inamisha kiwiliwili mbele kidogo, baki hapo hapo, miguu ipige ardhi na mdomo uitikie wimbo. Jaribu wewe mwenyewe jikoni: shuka kama mtu anayetaka kuketi kwenye kigoda, halafu ghairi, ukae hivyo huku ukiimba wimbo wowote mpaka mwisho. Hutafika mbali kabla mapaja hayajaanza kutetemeka, na sauti nayo itaanza kukatika, maana misuli ya tumbo inayokushikilia usianguke ndiyo hiyohiyo inayosukuma pumzi ya kuimbia.

Njuga ndizo zilizonifundisha kusikiliza kuliko kutazama. Zikishafungwa juu kidogo ya kifundo cha mguu, hazifichi kitu. Msichana anayeshuka goti likiwa limekaza na kisigino kikitangulia, njuga zake hutoa mlio mzito uliochelewa, kisha zinaendelea kuchekacheka katikati ya mapigo, pale pasipotakiwa sauti. Anayeshuka kwa unyayo huku goti linanyumbuka, zake hulia mara moja zikanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu. Kupiga ardhi kila mtu anaweza. Kuuzuia mguu usitikisike baada ya kupiga kunataka misuli ya ugokoni na ya nyonga ifanye kazi ambayo hakuna mtazamaji atakayeipigia makofi. Basi siku hizi nawapa mgongo. Wanacheza mmoja mmoja, mimi nasikiliza. Mwalimu mwanzoni alicheka, baadaye na yeye akageuka.

Tena ukitaka kumjua mchezaji kabla hajaingia kwenye ngoma, kamwangalie kwenye rede. Wawili wanarushiana mpira wa matambara. Aliye katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Anachota kiganja, anainama, anamimina, mpira huo unakuja, anajipinda kiunoni bila kuondoa miguu, umepita, amerudi kwenye chupa yake. Hapo kuna wepesi, kuna macho yanayoona pembeni, na kuna akili iliyogawanyika: mkono una shughuli yake, mwili una yake. Ngoma haiombi zaidi ya hayo. Mabega yanafuata ngoma ndogo, miguu inafuata ngoma kubwa, mdomo unamsubiri mwanzilishi wa wimbo. Kamba nayo ni darasa la aina yake, tena kali, kwa sababu inamwadhibu palepale anayechelewa pigo. Mwalimu anaweza kukuonea huruma, kamba haina habari. Hakuna aliyewaandikia wasichana mtaala wa michezo hii. Wanaachiana uwanjani, dada kwa mdogo wake.

Nikamwomba mwalimu tuchague kwa rede na kamba badala ya mstari. Waliopatikana hawakuwa wale wa kila mwaka. Mmoja alikuwa binti mfupi, mnene kidogo, wa darasa la tano, ambaye hakuna aliyewahi kumwita mbele kwa jambo lolote. Kamba ilikuwa haimgusi. Alipofungwa njuga, wenzake waligeuka kumtazama, na yeye alikuwa anatazama chini, kama mtu aliyeshikwa na kitu ambacho si chake.

Ukizitazama ngoma za nchi hii utaona kwamba kila jamii imecheza kwa mwili ilioupata kazini. Kwenye bugobogobo Wasukuma huingia uwanjani na majembe yenyewe mkononi. Kwenye muheme wanawake wa Kigogo huzibana ngoma kwa mapaja na kuzipiga wamesimama, na mtu hawezi kufanya hivyo kama mapaja hayakuzoea kubana na mgongo haukuzoea kusimama. Huku kwetu Ufipa kuna ntumba: mvua zikielekea mwisho, ardhi ikiwa bado laini, nyasi hupinduliwa na kufunikwa udongo kuwa vilima vya duara, zioze humo ndani, na msimu unaofuata udongo ule wenye rutuba usambazwe shambani. Mtoto aliyewasaidia wazazi wake kutengeneza ntumba anajua kuinama kwa kuvunja nyonga na si kwa kupinda mgongo. Huyo sihitaji kumfundisha mkao wa ngoma. Namwambia tu, "Inama kama uko shambani," anainama, basi. Mtoto wa duka la mjini itabidi nimfundishe wiki nzima, na hilo halimfanyi awe mjinga.

Na kuna maji. Binti aliyezoea kubeba ndoo kichwani anatembea shingo imenyooka na mabega yametulia, na kuanzia nyonga kwenda chini mwili wake unakwenda wenyewe. Hii si hadithi ya vijiweni tu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilitoa utafiti uliofanyika Kenya, ambako wanasayansi waliwapima wanawake wa Kiluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikikuyu waliobeba kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Walikuta kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwanamke haukumwongezea matumizi ya nguvu. Alitumia zilezile ambazo angetumia akitembea mikono mitupu. Baadaye walieleza kwamba siri iko kwenye hatua: mwili unapopanda na kushuka katika mwendo, wanawake wale walipoteza nguvu kidogo kuliko watu wasiozoea. Wengine waliokwenda kupima wanawake wa Kixhosa, Afrika Kusini, mwaka 2010, hawakuiona nafuu hiyo kwa kila mtu. Kwa hiyo si kwamba Mwafrika amezaliwa na shingo ya ajabu. Ni mazoea, na mazoea hayamfai kila mtu sawasawa.

Nilipousikia utafiti huo mara ya kwanza nilifurahi sana, nikataka kuwasimulia wasichana ili wajivunie. Kisha nikapiga hesabu. Binti wa darasa la tano au la sita, tuseme ana kilo 35. Asilimia 20 ya kilo hizo ni kilo 7. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, ukiacha uzito wa ndoo yenyewe. Hapo tumeshapita nusu ya mwili wake. Nafuu waliyoiona wanasayansi imeishia kwenye kidumu kidogo, na yeye habebi kidumu kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili. Wasichana ninaowafahamu dakika hizo wanazimaliza kabla kengele ya kwanza haijagongwa, na mchana bado haujaanza.

Hapo ndipo sifa zangu kwa ndoo zinapoishia. Ni kweli imewapa shingo na mizani. Lakini kuna jioni ambazo binti anafika mazoezini akiwa ameshamaliza nguvu, na anayetazama kwa mbali atasema hana juhudi. Ukiangalia kwa karibu utaona goti linaingia ndani kila anaposhuka, na ukimwomba asimame kwa mguu mmoja anatafuta bega la mwenzake. Huyo hahitaji kukemewa wala hahitaji zoezi jingine. Aketi chini. Misuli hujijenga wakati wa kupumzika, na mtoto asiyepumzika tunamtumia akiba ambayo hajaiweka. Jambo hili ni gumu kulieleza katika mji ambao mtu akionekana ameketi saa kumi jioni anaulizwa kama anaumwa.

Kuhusu pumzi sina maneno mengi. Kwa urefu huu wa Ufipa mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa kama moja ya tano ukilinganisha na pwani, na watoto waliozaliwa hapa wameshaizoea hali hiyo. Wanaimba na kuruka pasipo kuhema kama wageni. Watu hudhani basi tukishuka pwani tutawashinda wote. Mashindano ya taifa ya 2021 yalifanyika Mtwara, na aliyewahi kutoka baridi ya Sumbawanga akashukia Mtwara atakuambia kwamba hewa ni ya kutosha, tatizo ni joto.

Niliyejifunza mengi kwake ni binti wa darasa la sita ambaye mwaka uliotangulia alikuwa nguzo ya kikundi. Mwaka huu alirudi kutoka likizo miguu imerefuka, na ngoma imemponyoka. Anagongana na wenzake, anatangulia pigo, akigeuka anapitiliza. Minong'ono ikaanza mara moja, kama kawaida yetu watu wazima: ameanza mambo ya wavulana, amepata kiburi. Mwalimu alitaka kumtoa. Nikamwita pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo miguu inakugombanisha na wenzako?"

"Sijui, mama. Inafika kabla yangu."

Sijawahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo. Wasichana wengi hukua kwa kasi kubwa wakiwa na miaka 11 au 12, mapema kuliko wavulana kwa kama miaka miwili. Mifupa inatangulia, misuli inafuata nyuma, na ubongo bado unapima hatua kwa miguu ya mwaka jana. Wengine huota uvimbe mdogo unaouma chini ya goti, pale mshipa mnene unaposhikamana na mfupa wa ugoko, hasa wakirukaruka sana. Wakipunguziwa kuruka kwa muda, hutulia. Mtoto wa namna hiyo hajapoteza chochote. Ana mwili mpya anaotakiwa kuuzoea. Tulimwondoa kwenye kuruka, tukampa manyanga na kazi ya kuanzisha wimbo, na kila siku kabla ya wengine kufika anatembea juu ya mstari uliochorwa ardhini, mbele na nyuma, macho wazi kisha amefumba. Zoezi hilo linachosha kulitazama. Yeye halalamiki. Wapo wenzake pia wanaokuja na sweta limefungwa kiunoni, wanakaa ukutani siku mbili tatu, na ukiwauliza wanasema tumbo. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka uliofuata ikairudisha. Pale ukutani unajua hilo lina maana gani kwa mtoto wa mkulima.

Nikisema mwili, watu wanafikiria mazoezi. Mimi nazidi kufikiria sufuria. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa na nchi kwa mahindi, na malori yanayoondoka hapa yamejaa magunia kila msimu. Ila takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Mahindi tunayo, tena mengi. Mtoto anashiba ugali, tumbo linajaa, na mwili unaendelea kudai vitu vingine. Yule binti mfupi wa darasa la tano niliyemsifu kwa kamba, siwezi kujua kama ufupi wake ni wa ukoo au ni wa sahani. Nikimtazama anavyoruka, najiuliza angeruka vipi kama siku zake elfu moja za mwanzo zingekuwa na maharage mengi zaidi, dagaa wa Ziwa Tanganyika, yai mara mojamoja. Maana mfupa wa mchezaji huanza kutengenezwa kabla hajajua kama kuna ngoma. Nilipoomba wazazi wachange uji wa mazoezi, walileta unga wa mahindi mtupu, kwa moyo mmoja. Tukazungumza. Siku hizi unachanganywa na ulezi na karanga, na chai tumeipiga marufuku karibu na chakula, kwa sababu majani ya chai huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na wasichana wa umri huu wanayahitaji kuliko sisi. Chai imebaki kuwa mshahara wangu.

Mambo haya yamebadili jinsi ninavyowatazama watu hata nje ya uwanja. Nikimwona mama anayesimamia msiba wa watu mia nne bila kupandisha sauti, sisemi tena kwamba ana kipaji cha utulivu. Nauliza alilelewa wapi, aliwabeba wadogo zake wangapi mgongoni, nani alimwachia jiko akiwa mdogo. Kuna mazoezi pale. Na nikimwona kijana ambaye kila kitu kinamshinda, ulimi wangu umekuwa mzito kutamka neno mvivu. Huenda anacheza akiwa amechoka. Huenda miguu yake inafika kabla yake. Najua huruma ya namna hii ina mipaka, wavivu wapo, tena wengine ni wa ukoo wangu mwenyewe. Lakini afadhali nianze kwa kuuliza amekula nini.

Kikundi kikakamilika, ikabaki shida ya muda. Baba wa mmoja wa wasichana alifika shuleni, mtu mpole, kofia mkononi.

"Mama, sikatai ngoma," aliniambia. "Mimi mwenyewe naipenda. Ila huyu akibaki huku kila jioni, maji atachota nani?"

"Nyumbani hakuna mwingine?"

"Yupo kaka yake. Lakini kaka yake yuko sekondari, ana masomo."

"Na huyu anasoma nini hapa, mzee wangu?"

Akacheka, akajikuna kichwa, akasema ataliangalia. Akaliangalia kweli. Siku za mazoezi kijana anachukua baiskeli ya baba yake, anafunga madumu matatu, safari moja tu na maji ya siku nzima yamepatikana. Dada yake alikuwa anakwenda na kurudi na ndoo moja kichwani, na baiskeli ilikuwa imeegemea ukutani siku zote hizo. Hakuna aliyewahi kufikiria kumpa. Nilimuuliza baba kwa nini, akasema hajui kuendesha. Sasa kaka yake anamfundisha, jioni baada ya ngoma, kwenye ule uwanja wetu. Mizani hakufundishwa na mtu, alipanda siku ya kwanza akaenda. Shida yake ni breki, na wiki iliyopita amelivunja geti la jirani.